Zamu ya Usingizi wa Nkwabi

Jumatano moja ya katikati ya Agosti mwaka 1954, vijana wa elika, yaani kile kikundi cha kulima na kupura kwa zamu, walikuwa uani kwa Nkwabi huko Migato wakipura mtama. Nkwabi mwenyewe hakuwapo. Alikuwa Bariadi, kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na mkewe Milembe ndiye aliyeshika fimbo badala yake tangu asubuhi, kama alivyofanya kwenye nyua sita zilizotangulia. Ilipofika saa tano Milembe aliegemeza fimbo ukutani, akasema, "Nisameheni kidogo," akajilaza juu ya masuke na kuanza kukoroma.

Milembe hakuwa mtu wa kukoroma. Vijana walisimama, kwa sababu huwezi kupura mtama uliolaliwa na mtu. Lukresia, mama yake Nkwabi, alitoka jikoni na mwiko mkononi akasikiliza. Mkoromo ulianzia chini, ukapanda, ukakatika kidogo, halafu ukatokea puani na mluzi.

"Huo ni wa Nkwabi," alisema Lukresia. "Nimelala naye ngozi moja mpaka alipoota meno ya pili. Msogezeni kivulini, naye aliyesimama bure apure."

Wakamsogeza. Aliamka saa kumi na moja jioni, akajipangusa makapi, akauliza kama mtama umekwisha. Ulikuwa umekwisha. Maganga, kiongozi wa elika, alimweleza kwamba amelala zamu ya mumewe, na kwamba kwa upande wake yeye haoni kosa. Zamu ikifika na mwenyewe hayupo, anachukuliwa mtu wa nyumba yake. Ndivyo walivyofanya siku zote katika kulima, katika kupura na katika kujenga, na hakuna aliyewahi kusema kwamba usingizi umeachwa nje.

Jumapili Nkwabi alikuja kwa baiskeli, safari ya asubuhi nzima, akasimulia upande wake. Pale kinuni alikuwa mtu wa usiku. Alfajiri alitoka, akala, akaenda kuteka maji, na saa tano akalala katika chumba alichopanga nyuma ya soko. Mwenzake wa mchana alikatwa vidole viwili na mashine, akarudishwa kwao. Karani wa kinu, kijana mmoja mstaarabu aitwaye Kristofa, alimwomba Nkwabi ashike na mchana pia, siku mbili tatu tu, mpaka apatikane mtu. Jumatatu saa tano usingizi ulikuja chumbani ukakuta kitanda kitupu. Jumanne ukaja tena. Jumatano Nkwabi alikuwa akiyumba mbele ya mkanda wa mashine, macho yamemwiva mekundu, mara uchovu wote ukamtoka.

"Kumbe usingizi ulinitafuta huku," alisema.

"Ulitafuta nyumbani kwenu," alisema Lukresia. "Ungetafuta wapi tena?"

Nkwabi aliondoka jioni ileile akiwa amechangamka. Walikuwa wanataka plau ya kukokotwa na ng'ombe, na bila kinu wasingeipata.

Siku mbili tatu zikawa mwezi. Kila saa tano asubuhi usingizi uliingia uani, ukamchukua Milembe, ukamrudisha saa kumi na moja. Alijipanga. Maji aliyateka kukiwa giza, ng'ombe aliwakamua mapema, chakula cha mchana alikiacha kimefunikwa. Majirani waliozoea kupita saa sita kuomba moto walijifunza kumruka.

Aliyelichukulia jambo hili kwa umakini ni Athanasi, dresa na mfunga vidonda wa zahanati. Athanasi alikuwa mwanamume mwembamba, mdadisi kupita kiasi, mtu ambaye ukimwambia tumbo linauma anakuuliza ulikula nini juzi na ulikaa upande gani wa meza. Alikuja na saa yake na daftari, akaketi kando ya Milembe aliyelala, akamshika mkono na kuhesabu mapigo. Yalikuwa mapigo ya mtu mzito kuliko yeye. Akamwandikia Kristofa barua, wakakubaliana siku. Siku hiyo, saa sita na dakika kumi, Athanasi alimtekenya Milembe unyayo wa kushoto kwa unyoya wa kuku. Jibu la Kristofa lilifika na lori la pamba: saa sita na dakika kumi Nkwabi alikunja mguu wa kushoto, akacheka, akaomba radhi kwa wenzake.

Jambo hilo lilimfurahisha sana Athanasi. Wiki kadhaa alikuwa haongei kingine. Aliuliza wazee wanalala saa ngapi, akauliza wachungaji, akamuuliza katekista wa kigango kama mtu anayesinzia katika mahubiri anasinzia usingizi wake mwenyewe. Katekista alisema anavyojua yeye ni usingizi wao wenyewe.

Lakini kadiri alivyopima ndivyo alivyoona kwamba vitu havilingani. Nkwabi alikuwa na jeraha kwenye kidole gumba tangu Agosti, na siku ya Krismasi lilikuwa bado bichi. Alikula mara nne kwa siku na suruali ikazidi kumlegea. Aliona ndama amekwama matopeni akalia kama aliyefiwa. Mara mbili alilisahau jina la binti yake, akamwita "huyu." Athanasi aliandika makao makuu kwamba usingizi, kwa jinsi alivyouona, unabeba mizigo miwili. Mmoja ni wa kumwondolea mtu uchovu, na huo mtu mwingine anaweza kukubebea. Wa pili ni wa kumtengeneza mtu, kumfunga jeraha na kumpangia kumbukumbu, na huo unamwangukia mwenye kulala tu. Makao makuu yalijibu kwa kumletea boksi la kwinini.

Milembe, kwa upande wake, alikuwa ametengenezwa mpaka basi. Hakuwa na kovu. Alikumbuka kila kitu, hata asivyovihitaji. Aliota ndoto za Nkwabi, za mkanda mrefu unaozunguka na vidole viwili vilivyobaki juu ya pamba nyeupe, na akiamka alikuwa akijihesabu vidole kabla ya kusimama. Mumewe alipokuja alimwambia, "Unaogopa ule mkanda." Nkwabi alifikiri kidogo akasema haogopi kitu. Alisema kweli. Woga wote ulikuwa Migato.

Haya yote Milembe angeyavumilia. Kilichomuuma ni mtoto. Felisita alikuwa na miezi kumi usingizi ulipoanza kuja. Alitambaa mama yake akiwa amelala, akasimama mama yake akiwa amelala, na alipotembea hatua tano kutoka kwenye kinu cha kutwangia mpaka mlangoni, majirani waliona, kuku waliona, Milembe akasimuliwa jioni. Mtoto mwenyewe jua likizama alikuwa hoi. Lukresia alimpakata, akamlisha, akampeleka kwenye titi la mama yake akanyonye huku mama akikoroma. Siku moja mwezi wa Machi, Milembe akiwa ndiyo kwanza anafumbua macho, alimsikia mtoto anasema wazi, "Mayu." Ndivyo Msukuma anavyomwita mama yake mzazi. Akageuka. Felisita alikuwa amemwelekea Lukresia akiomba uji.

Lukresia aliona aibu. "Anakuiga wewe tu," alisema. "Si wewe unaniita mayu?"

Milembe alizihesabu saa ambazo mtoto amemwona akiwa macho, akaona ni chache mno za kumwiga mtu. Alikwenda kukamua, akalia kwenye ubavu wa ng'ombe.

Wiki ile Kristofa alikuja mwenyewe. Alitaka kuona. Alivua kofia, akaamkia "Mwangaluka" kwa lafudhi ya mtu wa kwingine, akapewa kigoda. Ilikuwa saa nne na robo, kwa hiyo Milembe alisema haraka.

"Shemeji, mwajirini mtu wa mchana."

"Nafasi ya mtu wa mchana haipo tena, shemeji," alisema Kristofa. "Ina mtu. Ni Nkwabi."

"Basi mpeni huyo Nkwabi mchana, usiku mtafute mwingine."

"Usiku nao ni wake. Alikuwa nao kwanza."

"Kama ni hivyo, niandikeni na mimi. Nafanya kazi yenu kwa muda wa saa sita kila siku."

Kristofa alilifikiria hilo kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Milembe zaidi. "Anayeandikwa ni anayefika kazini," alisema mwishowe. "Wewe unalala hapa. Ungekuwa unalala pale ningejaribu kumwambia meneja, lakini pale hatuna pa kulala."

"Na Nkwabi akiacha?"

Kristofa alianza kujibu, lakini saa tano ilikuwa imefika. Alikaa na mwanamke aliyelala kwa adabu ya kutosha, akausikiliza mluzi ukipanda na kushuka, akavaa kofia yake.

Jibu alilitoa Nkwabi mwenyewe Jumapili iliyofuata. Plau ilikuwa imeshapatikana, imeegemea ukuta, na Milembe alimwomba abaki. Akabaki siku tatu. Alilala chali mchana, akalala kifudifudi, akanywa maziwa ya moto, akafungiwa mlango. Hakupata hata lepe. Usingizi uliingia uani saa tano, ukampita mlangoni, ukamkuta Milembe anasonga ugali. Ulikuwa umeshamzoea.

"Niko macho, usingizi unao wewe," Nkwabi alisema siku ya tatu. "Nikae hapa nikitazama dari nipate nini? Afadhali nitazame pamba." Akapanda baiskeli. Kinu kilikuwa kimefungwa kwa msimu, lakini kulikuwa na mitambo ya kusafisha na ghala la kulinda, na mtu asiyelala hakosi kazi.

Milembe alikwenda kwa Maganga. Hakwenda kulalamika, alikwenda kuuliza utaratibu.

"Elika ikifika uani na mwenyewe hayupo," aliuliza, "mnamchukua nani hasa?"

"Wa kwanza tunayemwona," alisema Maganga.

"Na wa kwanza akiwa mzee?"

"Mzee tunampa kazi ya kukaa. Lakini tunamchukua."

Milembe alimshukuru. Hakutaka kuwaza zaidi ya hapo. Kesho yake saa nne alimfunga Felisita mgongoni, akashika jembe, akaenda shambani bondeni. Saa tano ilipita. Alilima. Saa sita ikapita, jua likiwa utosini, jambo ambalo hakuwa ameliona tangu mwaka uliotangulia. Mtoto alimwonyesha mdudu, akaonyeshwa mwingine. Waliporudi walimkuta Lukresia amelala kando ya jiwe la kusagia, mkono mmoja ndani ya unga, anakoroma sauti ya mwanawe.

Milembe aliketi pale kwa aibu mpaka saa kumi na moja. Lukresia alipoamka aliyakunja magoti na kuyakunjua.

"Tangu mzee afariki sijalala hivi," alisema. "Miaka tisa. Nafumba macho, nafumbua, nasikiliza mbuzi. Leo nimelala. Wewe nenda shamba, mwanangu. Mchukue na mtoto."

"Mayu, ni mzito ule."

"Nilimzaa mimi. Najua uzito wake."

Basi ikawa hivyo. Kwa mwaka mmoja na zaidi Milembe aliondoka kila saa nne na binti yake. Felisita alijifunza majina ya mimea na ya ndege, kisha akaanza kuwapa majina ya watu wa Migato, kila ndege na mtu anayefanana naye mwendo. Alimwita Milembe mayu, na Lukresia akamwita mama, kama Wasukuma wanavyomwita bibi. Milembe alikuwa na furaha na aliionea haya furaha hiyo. Kila akicheka shambani alikumbuka uani pana mtu amelala kwa ajili ya kicheko hicho.

Athanasi alimpima Lukresia kila Ijumaa. Alifurahi kwanza, kwa sababu mwanamke mzee asiyelala na mwanamume kijana asiyelala walikuwa wamekutana kwa namna ambayo vitabu vyake havikuitaja. Magoti yalipona. Kibiongo kilinyooka kiasi. Kisha akaanza kuandika kwa herufi ndogo. Usingizi wa mtu wa miaka thelathini ulikuwa mkubwa kwa kifua kile. Mapigo ya moyo yalikwenda kwa mwendo wa injini. Lukresia alikula kidogo, maana saa za kula nyingi alikuwa hayupo, na alizungumza kidogo, na akiamka alihesabu vidole vyake, halafu vya yeyote aliye karibu. Athanasi alimshauri apunguze. Lukresia alimuuliza apunguze usingizi wa nani, naye Athanasi akafunga daftari.

Wakati huohuo kinu kilikuwa kimejifunza. Msimu wa mwaka 1955 Kristofa aliwauliza wanaume waliokuja kuomba kazi kama wana mtu nyumbani, na asiye na mtu hakuandikwa. Kufikia mtama wa mwaka uliofuata kulikuwa na nyumba kumi na moja za Migato zenye mtu aliyelala mchana. Ukipita njiani saa saba ulisikia wanaume wakikoroma kila upande, na mwanamume hata mmoja hayupo. Maganga alipuliza pembe, wakaja watu wanne. Mtama ukapurwa nusu, nusu ukaliwa na ndege. Lori liliendelea kuja na kuondoka na marobota, na hakuna aliyesikia kwamba yalipungua.

Lukresia alikufa Julai mwaka 1956, siku ya Alhamisi, saa sita hivi mchana. Saa yenyewe ilisemwa na Athanasi, aliyemkuta ameshapoa. Lakini mkoromo ulikuwa bado unaendelea. Wazee walishauriana wakaona si vizuri kumwosha mtu anayekoroma, wakakaa uani wakangoja. Saa kumi na moja mkoromo ulikatika, mluzi wa mwisho ukatoka, wakaingia wanawake na maji.

Nkwabi alipewa siku moja. Alifika, akachimba kaburi la mama yake kwa mikono yenye vidonda, akasimama wakati katekista anasoma. Majirani walimwona halii. Baadaye alilia sana, kwa sababu ya kamba ya ndoo iliyokatika kisimani. Alimshika Felisita kichwani, akamtazama mke wake.

"Huyu anaitwa nani vile?" aliuliza.

"Felisita."

"Felisita," alisema Nkwabi, taratibu, kama anayekariri, akaondoka.

Siku ya tatu tangu kifo Milembe alikwenda bondeni kuchuma mboga za waombolezaji. Alimwacha mtoto na wanawake, akidhani uani pakiwa na watu wengi namna ile usingizi utachanganyikiwa. Haukuchanganyikiwa. Wale wote hawakuwa watu wa nyumba hiyo. Alirudi saa saba akakuta wanawake wamekaa duara, na katikati yao Felisita, bado hajatimiza miaka mitatu, amelala chali, kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu isiyo yake. Mkoromo ulikuwa uleule na mluzi wake.

Milembe alimwita. Alimpaka maji, akamwinua, akamtikisa, akamwimbia. Aliita Athanasi, naye Athanasi akaja akashika mkono ule mdogo, akatazama saa yake, na kwa mara ya kwanza hakuandika. Wakakaa naye mpaka saa kumi na moja. Felisita alifumbua macho, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya mama yake.

"Nihesabie, mayu."

Milembe alimhesabia. Vilikuwa kumi. Mtoto akataka tena.

Jioni ile Milembe alimfuata Maganga akamuuliza swali moja lililobaki. Je, wakitoka wote wawili, uani pakabaki patupu?

Maganga alitazama chini. Alikuwa na mke aliyelala mchana, usingizi wa mwanawe. "Elika haiji ikarudi bure," alisema. "Uani pakiwa patupu tunawafuata watu waliko."

"Na mkiwafuata njiani?"

"Ni yuleyule, Milembe. Wa kwanza tunayemwona."

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Kristofa alituma salamu za rambirambi na dereva wa lori, barua fupi ya mwandiko mzuri, na mwisho wake alieleza kwamba Nkwabi anaendelea vizuri na kazi haikusimama. Milembe alisomewa na Athanasi, akaikunja, akaiweka juu ya plau. Kisha akafanya kazi zake. Alimwogesha Felisita, akamsuka nywele bila haraka, akamuuliza majina ya ndege wote anaowajua, na mtoto akayataja, kila mmoja na mwendo wake, mpaka wote wawili wakacheka.

Kivuli cha nyumba kilipofika karibu na ukuta Milembe alitoa ngozi ya ng'ombe, akaitandika katikati ya uwanja, palipoelekea njia, mahali ambapo anayeingia hawezi kumwona mwingine kabla yake. Akaketi juu yake. Felisita alikuja akataka kukaa mapajani.

"Wewe ingia ndani," alisema Milembe.

"Mayu, utaamka lini?"

"Baba yako akitoka kazini."

"Anatoka lini?"

Milembe alitazama njia ya Bariadi. Ilikuwa nyeupe na haina mtu.

"Ingia ndani kwanza, mwanangu," alisema, akajinyoosha. "Usingizi unakuja."